Miaka Minne ya Magdalena

Siku ya tatu ndipo karani alipomwita ndani. Siku mbili za mwanzo Magdalena binti Likwata alikaa barazani mwa hospitali tangu asubuhi mpaka milango inafungwa, na kila alipoinua uso alimkuta karani Fakihi anaandika. Siku hiyo alimwita kwa kidole, kwa sababu jina lake alikuwa bado hajamuuliza.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Kazi ya kufagia imekwisha kupata mtu."

"Sikuja kufagia. Nimekuja kwa ajili ya lile tangazo la wauguzi."

Fakihi aliweka kalamu chini, akamtazama kuanzia miguuni. Kaniki ilikuwa imefifia, mifupa ya mabega imetokeza kama ya watu wote walioteremka kutoka bara mwaka ule. Tangazo lilikuwa limepigiwa mbiu Kilwa nzima wiki iliyopita. Hospitali hii ndogo ya wanawake, iliyofunguliwa baada ya vita, ilitaka wanawake wanne wa kufundishwa uuguzi, maana wake za watu mjini walikataa kushikwa na wanaume. Mafunzo yalikuwa ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza na wa pili mwanafunzi angepewa chakula chake mwenyewe cha mchana, basi. Mwaka wa tatu angepewa posho ya nyumba yake nzima, na watu wa nyumba hiyo wasingechukuliwa kwenda kulima pamba ya boma la Wajerumani wala kuchimba barabara. Mwishoni mpiga mbiu alitamka neno ambalo wengi hawakulijali: aliyekwisha kusoma kazi hii mahali pengine, miaka yake itahesabiwa.

Magdalena alilisikia hilo kuliko yote.

"Nimesoma misheni miaka minne," alisema. "Chini ya mlima wa Rondo. Nilifundishwa na Sista Klara kuosha vidonda, kuchemsha vyombo, kupima kwinini, na kuzalisha. Mwaka wa mwisho nilizalisha peke yangu, yeye amekaa kitini ananitazama."

"Cheti kiko wapi?"

"Misheni iliungua, bwana."

"Najua iliungua. Nauliza cheti."

"Kiliungua pamoja nayo. Na daftari. Sista mwenyewe ameuawa."

Fakihi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mswahili wa mjini aliyejifunza herufi za Kizungu ukubwani, na alijua taabu ya kukaa mbele ya meza ya mtu. Akaenda kumwita daktari. Daktari alikuwa Mjerumani mwembamba, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa askari, hivyo kila alichosema kilisikika kama amri, hata pale alipokusudia wema.

"Kila mtu sasa anasema alikuwa misheni," alisema. "Kwa sababu ya chakula. Nani anakujua?"

"Bruda Anton ananijua. Alikuwa fundi seremala wa misheni. Nimesikia yuko hapa mjini."

"Ndiyo, yuko. Kwa Mgoa muuza duka, mpaka meli ya Jumatatu. Alete neno lake kwa mdomo au kwa barua. Akisema umekaa mpaka mwisho, nitakuweka mwaka wa tatu. Asiposema, hapana."

Alikwisha kugeuka alipomaliza. Fakihi akachukua kalamu, na sasa akamuuliza jina.

*

Walikuwa wakikaa mwisho wa mji, upande wa mashamba ya minazi, katika kibanda ambacho mwenyewe alikikimbia wakati wa vita na hakurudi. Mama yake, Bi Mboni, alikuwa ameketi mlangoni akimenya ming'oko. Alikuwa ameichimba mwenyewe porini tangu alfajiri, na ilikuwa saba tu, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole gumba. Maganda aliyaweka kando kwenye ungo. Nayo yangeliwa.

"Wamesemaje?"

"Wanataka shahidi. Bruda Anton akisema nilikaa mpaka mwisho, wananiweka mwaka wa tatu. Jumamosi hii hii napokea posho ya watu watatu."

Bi Mboni alikiacha kisu kikalala mapajani. "Mtama?"

"Mtama, au mchele ukiwapo."

Mama akakiokota tena kisu. Alikuwa na mazoea tangu njaa iingie, akisikia habari ya chakula hufumba mdomo, kama mtu anayeogopa kwamba maneno yatakula sehemu yake.

Ndani alikuwapo Nassibu, kaka yake Magdalena, amelala chali juu ya mkeka. Bandarini alikobeba mizigo walimjua kwa jina la Salumu, na Kilwa walikuja kwa sababu Lindi kulikuwa na watu wengi mno wanaomjua kwa jina lake. Nassibu alikunywa maji ya vita, yale yaliyosemwa yangegeuza risasi za Wazungu. Hilo nyumbani lilijulikana, wala halikusemwa. Siku misheni ilipochomwa alikuwa miongoni mwa waliokuja na mikuki. Aliingia katika nyumba ya wagonjwa kabla ya wenzake, akamshika dada yake kifundo cha mkono, akamkokota nyuma ya jiko na kumpitisha katikati ya shamba la mtama mpaka mtoni. Magdalena alikuwa na mkasi mkononi. Sista Klara aliita jina lake mara mbili, kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyoita mtu akitaka kupokezwa kitu.

"Huyo Bruda," Nassibu alisema kutoka ndani, "ndiye yule mwenye ndevu nyekundu?"

"Ndiye."

"Anaandika majina."

"Majina gani?"

"Bandarini wanasema. Anazunguka Lindi na Kilwa anawauliza watu wa misheni waliopona, nani alikuwapo siku ile, nani alimwona nani. Kisha anapeleka boma." Akajigeuza, akaukabili ukuta. "Nenda. Mimi sikukuzuia."

*

Bruda Anton alikuwa amepewa chumba cha nyuma cha duka la Mgoa, kati ya magunia ya chumvi. Ndevu zake nyekundu sasa zilikuwa na mvi. Magdalena alipobisha na kusema "Tumsifu Yesu Kristo," yule mzee alisahau kuitikia. Alisimama akamshika mikono yote miwili, akaitazama ile mikono kama kitu alichokipoteza.

"Tulikuandika umekufa," alisema.

Alimpa chai yenye sukari na kipande cha mkate. Magdalena alikula nusu, nusu akaifunga katika pindo la kaniki, na Bruda akajifanya hakuona. Akamweleza shida yake. Bruda alimsikiliza huku akiitikia kwa kichwa, na alipomaliza alikuwa tayari ameshavuta karatasi.

"Miaka minne. Naijua. Mimi ndiye niliyekutengenezea kile kistuli, ulipokuwa mfupi huifikii meza. Sista Klara alikuwa akisema wewe utashika nyumba ya wagonjwa akizeeka." Aliandika mstari mmoja, wa pili, kisha kalamu ikasimama. "Ulikaa mpaka siku ya mwisho?"

"Ndiyo, Bruda."

"Siku yenyewe? Ulikuwa ndani?"

Magdalena alivuta pindo la kaniki lenye mkate, na Bruda aliweka kalamu chini.

"Mimi nilikuwa Lindi siku ile, nimefuata misumari," alisema. "Mizigo miwili ya misumari. Nimerudi nikamkuta amelala mlangoni, na mbwa..." Akaacha. Alipoendelea sauti yake ilikuwa ya chini zaidi. "Mwaka mzima na zaidi nimewauliza watu. Hakuna aliyekuwa ndani. Kila mtu alikuwa shambani, kila mtu alikuwa kisimani. Sasa wewe unaniambia ulikuwa ndani. Basi ulitokaje, Magdalena? Nani alikutoa?"

"Nilikimbia."

"Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja. Mimi niliujenga. Waliingia kwa mlango huo."

Dukani mbele, Mgoa alikuwa akimpimia mtu chumvi na kulalamika juu ya unyevu.

"Sikutishi," Bruda alisema. "Lakini boma wamenipa amri. Kila barua ya mtu wa misheni nitakayoandika lazima iseme siku ile alikuwa wapi, na kama alitolewa na mtu, mtu huyo ni nani. Nikiandika ulikuwapo mpaka mwisho, nitaandika na jina. Aliyekuokoa alikuwa mmoja wao. Akikamatwa atawataja wengine."

"Na kama sikuwapo?"

"Wapo waliotoroka usiku wa kuamkia siku ile, walipopata habari. Wakaondoka bila kumwambia mtu." Aliinamia mikono yake. "Hao tumewafuta. Mwanafunzi aliyetoroka hana miaka. Hakuna barua ya mtu aliyetoroka."

Alimpa mpaka kesho yake mchana. Alipomsindikiza mlangoni alimwekea mkono kichwani, kama zamani.

*

Ule mkate Bi Mboni aliukata vipande viwili, akampa Nassibu kilicho kikubwa. Magdalena aliwaeleza yote, wazi, hakuficha.

"Sema ulitoroka," mama alisema.

"Mama, nikisema hivyo hakuna mwaka wa tatu. Hakuna posho."

"Nimesikia."

"Unachimba ming'oko na magoti yako yamevimba. Juzi ulianguka njiani ukaletwa na watu."

"Nimesikia, mwanangu. Sema ulitoroka. Ni neno tu, linatoka mdomoni linakwisha. Huyu wakimtundika, nitamtoa wapi mwingine?"

Magdalena alingoja mama aongeze kitu. Labda angesema pole, au angeitaja ile miaka minne, ambayo yeye mwenyewe aliipinga mwanzoni, akisema binti atatolewa kabila na Wazungu, kisha akajivunia kimyakimya pale wanawake wa Rondo walipoanza kumwita "mama yake mkunga". Bi Mboni hakuongeza kitu. Alikuwa akiokota makombo ya mkate kwenye ukindu wa mkeka, moja moja, kwa ncha ya kidole.

Nassibu alitoka nje. Magdalena alimfuata mpaka kwenye mnazi uliokatwa, akamkuta amechutama.

"Nikuulize kitu ambacho sijakuuliza," alisema.

"Uliza."

"Sista Klara."

Nassibu alichukua kijiti akakivunja. "Sikumgusa."

"Lakini ulirudi. Uliniacha mtoni ukarudi."

"Nilirudi. Nilisimama. Sikumgusa, wala sikumzuia aliyemgusa. Unataka na jina lake? Amekwisha kufa, walimpiga risasi kule Kipatimu." Alikivunja kijiti tena. "Dada, mimi sitakuomba. Ukitaka kunitaja, nitaje. Nitakaa hapa hapa waje wanichukue."

Hakuna jambo lililomkasirisha Magdalena siku ile kuliko hilo. Laiti angeomba. Laiti angepiga magoti, angekuwa mtu anayepewa kitu, na yeye angekuwa mtu anayetoa. Lakini Nassibu alikaa pale na vijiti vyake, amemwachia mzigo wote, huku akijiona amemwachia hiari.

*

Bruda Anton mwenyewe alikuja hospitali siku ya pili mchana, na barua aliyokwisha kuianza. Daktari alikuwapo, Fakihi alikuwapo, na nyuma yao alisimama Yahya, msaidizi mkuu, mzee wa Kilwa aliyewafunga vidonda askari wa boma muda wote wa vita. Mlango uliachwa wazi. Barazani walikuwa wamekaa wanawake watatu wa mjini waliokwisha kukubaliwa, mmoja wao msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Samia, mwenye kanga mpya.

"Sema," daktari alisema.

"Nilitoroka," Magdalena alisema. "Usiku wa kuamkia siku ile. Nilisikia wanakuja, nikaondoka."

Bruda Anton alimtazama. "Magdalena. Kuna mtoto mmoja wa shule ameniambia alikuona asubuhi ile unachemsha maji."

"Amekosea. Labda aliona mwingine."

"Ulimwacha Sista peke yake na wagonjwa?"

Swali hilo hakulitazamia. Alijua kwamba angesema uongo, lakini hakujua uongo wenyewe ungekuwa na sura hiyo. Alijibu, "Ndiyo, Bruda," na akaona jinsi uso wa yule mzee ulivyofungika, si kwa sababu alimwamini, bali kwa sababu hakumwamini na hakuwa na la kufanya.

Bruda alichukua kalamu ya Fakihi, akaandika neno moja katika daftari la ofisi, mbele ya jina la Magdalena, akaipasua ile barua. Hakuaga. Fakihi akalisoma neno lile kwa sauti, maana ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi, mwenye habari asomewe habari yake.

"Magdalena binti Likwata. Alitoroka."

Barazani kanga zikanong'ona.

"Basi nianze mwaka wa kwanza, bwana daktari," Magdalena alisema. "Nianze pamoja na hawa."

"Hapana. Aliyeacha wagonjwa mara moja ataacha tena."

Yahya alikohoa. "Dobi hatuna, bwana," alisema. "Yule wa kwanza amekufa. Mashuka yamejaa."

Daktari alifikiri kwa muda wa mtu kufunga kifungo. "Dobi, sawa. Lakini wodini haingii. Wagonjwa hawagusi."

Malipo ya dobi yalikuwa chakula chake cha mchana na nusu kibaba cha mtama. Magdalena alisema ahsante.

*

Uani nyuma ya wodi kulikuwa na birika la saruji na kamba tatu za kuanikia. Alifua mashuka, bandeji, na nguo za daktari. Mwezi wa kwanza ngozi ya vidole ilichubuka kwa magadi, ikapona ikiwa ngumu.

Dirisha la wodi lilikuwa juu ya birika, na kutwa alisikia masomo. Yahya alifundisha kama alivyojua yeye, vidonda vya risasi na vya mkuki. Habari za wanawake hakuzijua, na daktari alizijua kwa kitabu. Siku nyingine Magdalena alisikia wanafunzi wanafundishwa jambo nusu, lile nusu lililobaki likamkereketa kooni mchana wote. Mara moja aliinua uso akasema kupitia dirishani kwamba mama mwenye homa ya maziwa asiache kunyonyesha. Mmoja wa wanafunzi, mke wa nahodha, akachungulia nje.

"Dobi amesema," aliwaambia wenzake. "Msikilizeni mtoro."

Walicheka, ila Samia. Baadaye Samia alikuja uani na beseni la bandeji, akaliweka chini taratibu. "Ni kweli, dada? Asiache?"

"Asiache."

"Ahsante." Alisita, akatazama nyuma, akaondoka.

Ule mtama Magdalena aliupeleka nyumbani ndani ya kata. Bi Mboni aliupika uji, akampakulia Nassibu kwanza, kwa hoja kwamba yeye hubeba mizigo. Sufuria ilipomfikia Magdalena ilikuwa ya kukwangua. Alikwangua. Chakula chake cha mchana alijifunza kukila chote palepale uani, mgongo kwa mlango, asije akaona huruma akabakiza.

*

Miezi mitatu ikapita hivyo. Jumamosi moja alirudi akaukuta moshi mwingi kibandani, na harufu aliyokuwa ameisahau. Ilikuwa harufu ya wali. Bi Mboni alikuwa akizunguka jikoni kama mtu asiye na magoti. Mkekani alikaa Nassibu, amevaa kaki, na miguuni ana mikanda ya kitambaa iliyozungushwa mpaka gotini, ameifunga vibaya.

"Kaa, dada," alisema. "Leo tunakula."

"Umeipata wapi nguo hiyo?"

"Boma. Wanataka watu wa kufuatana na askari kwenda bara, kuwatafuta waliobaki misituni. Nimeandikwa jana."

Magdalena alibaki amesimama. "Umeandikwa kwa jina gani?"

"Salumu."

"Hawakukuuliza umetoka wapi?"

"Afande alinipa bunduki, akaniambia nifungue na nifunge. Nikafungua, nikafunga. Akaniambia nipige kopo lililokuwa juu ya ukuta, nikalipiga. Akaniuliza nimejifunzia wapi." Nassibu alicheka kidogo. "Nikamwambia porini. Akacheka na yeye. Akasema basi miezi ya kufundishwa nimekwisha kuimaliza, akaniweka moja kwa moja kundi la wenye bunduki. Posho ya nyumba nzima. Na hapa hawatakuja kumchukua mtu kwenda pamba."

Bi Mboni alipiga kigelegele, cha chini, cha mtu mwenye kifua dhaifu. "Mungu amemwona mwanangu," alisema.

Magdalena alimtazama mama yake, kisha kaka yake. Alikuwa na maneno mengi. Alitaka kuuliza ni nani hasa atakwenda kuwatafuta huko misituni, na je akimkuta mwenzake wa siku ile atafanyaje. Alitaka kusema kwamba sasa hata jina la Nassibu haliwezi tena kutajwa milele, maana mtu huyo amevaa nguo ya boma, na atakayemtaja atakuwa yeye ndiye mwongo. Alitaka mtu mmoja, ndani ya nyumba ile, aseme tu: miaka minne. Lakini mama alikuwa amekwisha kupakua. Wali ulikuwa mweupe, na juu yake kulikuwa na mchuzi wa dagaa.

Magdalena alikaa, akanawa, akala. Alikula mpaka tumbo likauma. Nassibu alimsogezea na dagaa za upande wake, na hilo ndilo lililomtoa machozi, akasema ni pilipili.

*

Ijumaa iliyofuata daktari alikuwa ameitwa boma, na Yahya alikuwa amekwenda msikitini. Wodini walibaki wanafunzi watatu na mama mmoja, mke wa mvuvi aliyeitwa Kazija, aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto alizaliwa adhuhuri. Magdalena alimsikia akilia, akahesabu moyoni kama alivyozoea. Kisha akasikia miguu inakimbia, na kitu kikaanguka. Samia akatokea mlangoni, mikono yake imejaa damu mpaka kwenye viwiko.

"Haikatiki," alisema. "Dada, haikatiki."

"Wenzako?"

"Mmoja amemkimbilia Yahya. Mwingine amekaa chini hasemi."

Magdalena aliutazama ule mlango ambao alikatazwa kuupita. Kisha akachota maji ya moto, akanawa kwa sabuni ya kufulia, haraka lakini mpaka kwenye viwiko, akaingia.

Kitanda kilikuwa kimelowa. Kazija alikuwa amekuwa na rangi ya majivu, macho yanakwenda juu. Magdalena aliweka kiganja chini ya kitovu chake, akahisi tumbo lililo laini kama unga uliokandwa. Akalisugua, kwa nguvu, kwa mzunguko, huku akisema kwa sauti ile ya kawaida aliyofundishwa nayo: "Samia, lete mtoto. Mweke titi. Usiogope, mweke titi. Wewe mwenzangu, inuka, inua kitanda upande wa miguuni, weka matofali. Kazija, mama, nitazame mimi. Usilale. Mtoto wako ni wa kike." Alisugua mpaka mikono ikafa ganzi, na chini ya mikono hiyo tumbo likaanza kukaza, polepole, likawa kama ngumi. Kondo la nyuma likatoka. Alilitandaza juu ya kitambaa akalikagua kama halijakatika, lilikuwa zima. Damu ikapungua, ikawa ya matone.

Alibaki amemshika mpaka Kazija alipoomba maji. Ndipo akakusanya mashuka yote yaliyolowa, akayafunga mzigo, akatoka nayo.

Daktari na Yahya waliingia karibu pamoja, Fakihi nyuma yao. Kupitia dirishani Magdalena alisikia kila kitu, viatu, maswali, kimya cha daktari akipima mapigo ya mkono. Kisha daktari akasema, "Nani amefanya hivi?"

Yule mke wa nahodha, ambaye alikuwa amerudi na Yahya akihema, akasema, "Samia, bwana. Tulimwacha Samia."

"Vizuri," daktari alisema. "Vizuri sana. Fakihi, andika. Samia, mwaka wa kwanza umemaliza. Kuanzia leo yuko mwaka wa pili."

Kalamu ya Fakihi ilisikika mpaka uani.

Baada ya kitambo Samia akaja, amenawa, lakini chini ya kucha bado palikuwa pekundu. Alichutama kando ya birika.

"Nitamwambia ukweli," alisema. "Sasa hivi. Nilishindwa kusema mbele ya wote, lakini nitakwenda ofisini kwake nimwambie ni wewe."

Magdalena alikuwa akizamisha shuka katika maji baridi, kwa kuwa damu ikikutana na maji ya moto haitoki tena. "Ukimwambia," alisema, "atauliza kama kweli mimi niliwaacha wagonjwa. Akishauliza hilo, atauliza na mengine."

"Lakini si haki."

"Rudi ndani, mdogo wangu. Kila baada ya muda kidogo mshike tumbo. Likilegea, lisugue kama ulivyoona. Likikataa kukaza, njoo hapo mlangoni uinue mkono tu. Usiniite jina."

Samia alikaa kidogo, kisha akainuka akaenda. Magdalena akayamwaga maji mekundu mferejini, akachota mengine.